Lifti hula umeme hata ikisimama

Mwekezaji anayepanga hoteli ya ghorofa nne Kigoma au Ujiji huhofia mota ya lifti. Hesabu inaonyesha gharama iko kwingine.

Kuinua abiria wa kilo 300 kwa mita 12 kunahitaji takriban uniti 0.01 ya umeme, kwani chumba chenyewe husawazishwa na uzito unaoning'inia upande wa pili. Safari 100 kwa siku ni uniti 1. Pamoja na msuguano na upotevu katika mota, tuseme 3. Lakini taa, feni na mitambo ya kuongozea ikila wati 200 usiku na mchana, ni uniti 4.8, abiria wawepo wasiwepo.

Mkoa wa Kigoma, uliotegemea dizeli miaka mingi, ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022. Hata hivyo jenereta ya akiba inahitajika. Mota ya kizamani huvuta umeme mwingi mno inapoanza, hivyo hudai jenereta kubwa. Yenye inveta huanza polepole.

Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji mambo mawili: wati lifti ikisimama, na kama taa na feni hujizima zenyewe.