Andaa Maji Kabla ya Kumleta Aksoloti

Aksoloti ni salamanda anayezeeka bila kuacha utoto. Chura huanza kiluwiluwi, akapoteza matamvua, akatoka majini. Aksoloti hubaki humo maisha yake yote, matamvua yakiwa yamechomoza pembeni mwa kichwa, na huzaliana akiwa katika hali hiyohiyo. Kwao ni maziwa na mifereji ya Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico, takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Huko porini wamebaki wachache mno na wako ukingoni mwa kutoweka. Wanaofugwa majumbani huzalishwa na watu, na sehemu kubwa ya nasaba yao inatokana na aksoloti 34 waliofikishwa Paris mwaka 1864.

Mwinuko ule ndio unaotuonyesha anataka nini: maji ya baridi. Nyuzijoto 16 hadi 18 za Selsiasi humfaa sana. Yakipita 22 huanza kuhangaika, na yakifika 24 au zaidi kwa siku kadhaa huacha kula na kushambuliwa na kuvu, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo ilhali mwili wake unaidai zaidi. Anayeishi Limuru au Njombe ana nafuu. Dar es Salaam au Mombasa, maji hutoka bombani yakiwa tayari na joto kubwa kuliko anavyoweza kustahimili. Feni inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi mbili tatu kwa kuyafanya yavukize, lakini hewa ya pwani ina unyevu mwingi na feni haitoshi. Huko pasipo mashine ya kupoza maji, nashauri usimfuge kabisa. Chupa za barafu ni za dharura tu, maana joto linalopanda na kushuka kila saa humchosha vilevile.

Jambo linaloua aksoloti wengi wadogo halionekani kwa macho. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu inayounguza matamvua na ngozi, na ngozi ya amfibia hupitisha vitu kwa urahisi. Bakteria wanaoota ndani ya chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Tangi jipya halina bakteria hao. Kuwalea huchukua wiki nne hadi nane, na kazi hiyo hufanyika kabla mnyama hajafika: jaza maji, ondoa klorini kwa dawa yake, washa chujio, tia amonia safi isiyo na manukato wala sabuni, kisha pima kila baada ya siku mbili. Bakteria huzaliana upesi kwenye maji ya uvuguvugu, kwa hiyo katika kipindi hiki acha yafike hata nyuzi 25, uyapoze baadaye. Siku utakapotia miligramu 2 za amonia kwa kila lita na kesho yake ukakuta amonia sifuri, nitriti sifuri, na nitrati imeongezeka, tangi liko tayari. Badilisha maji mengi ili nitrati ishuke chini ya miligramu 20 kwa lita.

Kuacha maji yakae ndooni usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, lakini si kloramini, ambayo baadhi ya mamlaka za maji huitumia. Dawa ni salama zaidi.

Na kama aksoloti ameshafika ilhali tangi halijakomaa? Mweke kwenye beseni safi la plastiki, ubadilishe maji yote kila siku kwa maji yaliyotibiwa yenye joto lilelile. Kwa mtoto asiyefika sentimita 8 naliona beseni kuwa bora kuliko tangi kubwa, hata lililokomaa, kwani chakula hakipotei na uchafu unaonekana. Kila mmoja akae peke yake. Wadogo hung'atana miguu, na ingawa mguu huota tena, kidonda hualika maradhi.

Akikua atafika sentimita 20 hadi 30 na kutembea sakafuni zaidi kuliko kuogelea, hivyo tafuta tangi refu na pana kuliko la kina. Lita 75 hutajwa kama kima cha chini. Mimi nashauri 110 na kuendelea. Usiweke kokoto. Hula kwa kufyonza ghafla, na kokoto iliyomezwa huziba utumbo. Acha sakafu tupu mpaka apite sentimita 12, ndipo uweke mchanga laini ukipenda. Chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa linatosha, kwa sababu hapendi mkondo. Hana kope, basi mpe pango na kivuli. Funika juu, maana huruka. Samaki wasikae naye. Wataguguna matamvua yake.

Mpe nyungunyungu waliokatwa wadogo kutoka udongo usiopigwa dawa, na uondoe mabaki. Kabla ya kununua, dai vibali: biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES.

Ukiona matamvua yamejikunja mbele na ncha ya mkia imepinda, usikimbilie dawa. Pima joto, amonia na nitriti, kisha utazame nguvu ya mkondo.