Viatu vya Mkulima, Masika na Kiangazi

Msafiri avukaye Mto Pangani hadi Bweni, kisha akashika njia ya kusini iendayo Mkwaja na Saadani, hupita Mwera, penye minazi na mihogo na vijibustani vya mchicha, bamia na biringanya. Akibisha hodi kwa mkulima wa huko na kukaribishwa barazani, na atazame chini kabla hajaketi. Aghlabu ataona kizingitini jozi tatu au nne za viatu, wala hapana iliyofanana na mwenziwe: gambuti zilizoganda tope, katambuga za tairi, kandambili zilizolika kisigino, na pengine makubadhi ya ngozi yaliyowekwa mbali na vumbi. Mgeni wa mjini huenda akadhani kuwa hivyo ni vikuukuu tu ambavyo mwenye nyumba amekosa moyo wa kuvitupa. Sivyo. Kila jozi ina majira yake na kazi yake, nasi tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, kwani siha ya watu wa nyumba ile yategemea ni nani avaaye ipi, na ni nani asiyevaa kitu.

Tuanze na masika. Tangu Machi hadi Mei mvua huinyeshea pwani yote ya Tanga, ardhi ikalainika, na kivuli cha minazi na migomba kikauhifadhi unyevu hata siku za jua. Katika udongo wa namna hiyo hukaa adui mdogo asiyeonekana kwa jicho, naye ni mnyoo wa safura. Mayai yake hutoka katika choo cha mgonjwa aliyejisaidia ardhini. Baada ya siku moja au mbili huanguliwa, na baada ya siku tano hadi kumi vijinyoo huwa tayari kumwingia mtu. Navyo vyaweza kumngojea wiki tatu au nne, ilimradi pawe na unyevu na kivuli. Hupenya ngozi ya mguu mtupu, vikafuata damu hadi mapafuni, vikapanda kooni, vikamezwa, na mwisho vikatua katika utumbo mdogo. Huko hujishikiza na kunyonya damu siku zote. Mgonjwa hupauka viganja na macho, pumzi humwishia kwa kazi ndogo, na jirani humwita mvivu.

Njia hii ya kupita katika ngozi haikujulikana zamani. Aliyeivumbua ni mtaalamu Mjerumani, Arthur Looss, huko Misri mnamo mwaka 1898. Maji yenye vijinyoo hivyo yalimdondokea mkononi, pakamwasha, na baadaye akaona mayai ya mnyoo huyo katika choo chake mwenyewe. Lakini Waislamu walikwisha kupata maonyo kabla ya darubini yoyote, kwani Mtume wetu (S.A.W.) alikataza watu kujisaidia kwenye maji, njiani na kivulini. Mtu akiyatafakari mahali hapo patatu, ataona kuwa ndipo miguu ya watu ipitapo na kupumzika.

Basi kiatu cha masika ni gambuti. Asili yake si huku kwetu. Mwaka 1853 Mmarekani aitwaye Hiram Hutchinson alifungua kiwanda Ufaransa, akiwatengenezea wakulima viatu virefu vya mpira, kwa maana wakulima wa huko wakati ule walivaa viatu vya miti na kurudi nyumbani miguu imelowa. Kwa mkulima wa Mwera gambuti ina faida ya kumkinga na safura, na meno ya nyoka katika majani marefu, na jembe lililoteleza. Hata hivyo ina taabu zake. Jua likiwaka mguu huiva ndani kama muhogo chunguni, na vidole huota fangasi visipokaushwa. Katika tope zito la mpunga hunasa, mwenyewe akatoka mguu mtupu na kuiacha imesimama peke yake. Tena haifai kuvaliwa asubuhi kabla ya kupinduliwa na kukung'utwa, kwani nge na tandu nao hupenda nyumba yenye giza.

Masika yakiisha, gambuti huoshwa na kuanikwa, na katambuga hushika zamu. Hizi hukatwa katika tairi kuukuu la gari, na mikanda yake ni mpira vilevile. Si nzuri kwa sura, wala hatumshauri mtu kwenda nazo arusini. Lakini miba ambayo huchoma kandambili na kutokeza juu, katambuga huizuia. Na Pangani kwenye mashamba ya mkonge miba si haba. Mkonge wenyewe uliletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, na miche 62 tu iliyosalimika katika safari ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka hiyo ukaenea nchi nzima. Kiangazi ndipo pia mchanga mkavu unapofuga funza, mdudu mgeni aliyefika Angola kwa meli kutoka Amerika mwaka 1872, akavuka bara lote hata akafika pwani yetu. Safura hutaka unyevu, funza hutaka ukavu. Hivyo hakuna mwezi katika mwaka ambao mguu mtupu una amani.

Makubadhi ni ya msikitini na ya safari, na mitalawanda, viatu vile vya mti vyenye msuruaki wa kubanwa kwa vidole, ilikuwa ya nyumbani na chooni, ili mtu aliyetawadha asikanyage uchafu. Leo kandambili zimeishika kazi hiyo karibu kila nyumba. Tusisahau kwamba karne ya 19 viatu pwani hii vilikuwa alama ya uungwana: mtumwa alikwenda miguu mitupu, na mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa kwa miguu hiyo. Watu walipopata uhuru wao, kuvaa viatu kulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyataka, wala hatuwezi kuwalaumu.

Kwa sababu hiyo jambo moja hutuuma. Katika nyumba nyingi zile jozi nne za kizingitini zote ni za baba. Mama hupalilia mchicha katika tope la Aprili kwa miguu mitupu, kanga ameifunga kiunoni, na watoto humfuata nyuma wakiokota magugu. Nao ndio ambao safura huwadhuru zaidi: mwenye mimba hupungukiwa na damu ambayo yampasa kuigawa na aliye tumboni, na mtoto hudumaa mwili na kusinzia darasani. Vidonge vya albendazole wapewavyo watoto shuleni huua minyoo iliyomo matumboni, lakini havizuii mingine kuingia kesho yake bustanini. Choo cha nyumba chapasa kuchimbwa na kutumiwa na wote, na viatu vinunuliwe vya wote.

Na asiseme mtu kuwa hana uwezo kabla hajamwendea fundi wa katambuga. Fundi humsimamisha mtoto juu ya kipande cha tairi, akazungusha chaki kando ya unyayo, akaongeza upana wa kidole kimoja kwa kuwa mguu wa mtoto haungoji, kisha akakata. Tairi moja hutoa jozi kadhaa. Kwa masika ya mwanzo, mpaka gambuti za mama zipatikane, katambuga si kinga kamili, kwani tope hupanda pembeni. Lakini miguu ikivishwa na kuoshwa kwa sabuni mara mtu atokapo shambani, ni afadhali mara nyingi kuliko kukanyaga udongo mtupu.