Maji Maangavu Si Lazima Yawe Safi

Watu wengi huyapima maji kwa macho na kwa ulimi: yakiwa na tope huyaacha, yakiwa maangavu na matamu huyanywa bila wasiwasi. Kipimo hiki hakitoshi, na katika mtaa wa Soho, mjini London, kilileta msiba mkubwa.

Katika njia iitwayo Broad Street palikuwa na kisima chenye bomba la mkono. Maji yake yalisifiwa sana, hata mjane mmoja aliyehamia Hampstead alikuwa akiletewa maji hayo huko. Mwisho wa Agosti, 1854, kipindupindu kilizuka, na kwa muda wa siku 10 watu zaidi ya 500 walikufa karibu na kisima hicho. Mjane yule naye akafa, ingawa alikaa mbali nao. Lakini katika kiwanda cha pombe kilichokuwa jirani, ambacho wafanya kazi wake hawakuyanywa maji yale, hakufa hata mmoja.

Tabibu John Snow alipeleleza habari hizi nyumba kwa nyumba, na tarehe 8 Septemba mpini wa bomba ukaondolewa. Baadaye ilionekana kwamba shimo la choo la nyumba moja, lisilofika mita moja kutoka kisimani, lilikuwa bovu. Uchafu wa mtoto mchanga aliyekuwa akihara ulikuwa umepenya udongoni na kuingia majini.

Viini vya kipindupindu havionekani ila kwa hadubini; 300 vikipangwa mstari mmoja havizidi urefu wa milimita moja. Vikifika tumboni huzaana upesi na kutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji ya mwili, na mgonjwa asipotibiwa aweza kufa kwa muda wa saa chache. Viini vya homa ya matumbo na vya kuhara damu hupita njia iyo hiyo, toka chooni mpaka kinywani.

Basi, yaliyotokea London yaweza kutokea penye kisima cho chote. Choo na kichimbwe upande wa chini wa kisima, angalau mita 30 mbali nacho. Kuchuja maji kwa kitambaa huondoa takataka, lakini hakuui viini. Maji ya kunywa na yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika 1 nzima, na penye miinuko ipitayo mita 2,000, dakika 3. Kisha yawekwe katika mtungi safi wenye kifuniko, yatekwe kwa kata yenye mpini mrefu, wala mtu asitie mkono ndani, kwa maana mkono mchafu huyarudishia viini vilivyokwisha kuuawa na moto.

Mtu akiharisha maji matupu mfululizo, asingojee kesho. Anyweshwe maji safi yaliyotiwa dawa ya chumvi na sukari itolewayo zahanati, kidogo kidogo bila kukoma, huku akipelekwa hospitali.