Tofali Lililokinai Maji

Msomaji wa Bunda ameniandikia kuhusu baraza lake. Amelisakafia kwa matofali ya kuchoma ya tanuri la kijijini, mengine mekundu, mengine yenye mabaka meusi ya moto, na hataki kuyafunika kwa saruji wala vigae. Dukani alioneshwa vanishi. Akaijaribu kwenye tofali moja. Likawa jeusi, linang'aa kama limemwagiwa maji sasa hivi. Anauliza: hakuna dawa ya kulinda sakafu na kuiacha ilivyo?

Ipo. Habari za kufyatua na kuchoma tunaziruka, maana wachoma matofali wa kijijini wanazijua kuliko mimi. Nataka tukae kwenye jambo moja: kiu ya tofali.

Tofali la kilo 3 ambalo halikuiva sana linaweza kubeba zaidi ya nusu lita ya maji, na halingoji kumwagiwa. Huyavuta lenyewe kutoka kwenye udongo ulio chini yake, kwenda juu. Mwaka 1718 daktari Mwingereza James Jurin alionesha kwamba kadiri mrija unavyokuwa mwembamba ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Kwa hesabu hiyo, mrija ambao kutoka katikati hadi ukutani ni sehemu moja tu ya elfu ya milimita unaweza kupandisha maji karibu mita 15. Ndani ya tofali mna vijitundu vya kadiri hiyo visivyo na idadi.

Nani anayasukuma maji hayo? Fikiria miamba mikubwa ya Musoma, ile iliyosimama ufukweni ikibebana, na watoto wanaopanda ndani ya ufa wake. Kila mtoto ameshikana mikono na wenzake. Walio pembeni wanashika jiwe, wanajivuta hatua moja, na kwa kuwa hawaachii mikono, wa katikati wanainuliwa nao. Kisha walio pembeni wanashika tena, juu zaidi. Ufa ukiwa mpana, kundi la katikati ni kubwa, linaning'inia bila kugusa jiwe, na walio pembeni wanachoka mapema. Ufa ukiwa mwembamba, karibu kila mtoto ana jiwe la kushika, wa kubebwa ni wachache, na msafara unafika mbali. Watoto ni molekuli za maji, jiwe ni ukuta wa kijitundu. Maji hushikana yenyewe kwa yenyewe, lakini udongo uliochomwa huyashika kwa nguvu zaidi, na tofauti hiyo ndiyo ngazi yao.

Sasa paka jiwe lile mafuta. Hujauziba ufa, uko wazi vilevile, upepo unapita. Lakini kila mtoto akishika anateleza, na kilichobaki cha kushika ni mwenzake tu. Watajikusanya mlangoni wamekumbatiana, duara moja. Hilo duara ndilo tone unaloliona likibingirika juu ya jani la gimbi, nalo jani halina kifuniko chochote zaidi ya nta yake na vinundu vyake vidogo.

Kazi hiyo ndani ya tofali hufanywa na sileni na jamaa yake siloksani. Molekuli ya sileni ina kichwa cha silikoni ambacho, kikipata unyevu kidogo, hujifunga ukutani kwa kifungo cha kikemia na kuachia alkoholi inayopaa hewani. Upande wa pili ina mkia wa kaboni, mara nyingi kaboni 8, wenye tabia ya mafuta. Na namna inavyoingia ndiyo inayonifurahisha: inanywewa. Kiu ileile iliyokuwa ikipandisha maji ndiyo inayoivuta dawa ndani, na ikishaingia, kiu inaisha. Kijitundu kilichokuwa kikiinua maji mita 15 sasa kinayakataa. Kuyaingiza kwa nguvu kungehitaji shinikizo la tanki lililoinuliwa kama mita 5.

Hata hivyo kijitundu kimebaki wazi, na ndiyo maana rangi haibadiliki. Wepesi wa wekundu wa tofali kavu hutokana na nuru kutawanywa na hewa iliyomo vitunduni. Vanishi ikivijaza, kama maji yanavyovijaza, nuru huzama na tofali huwa jeusi. Tena vanishi hufunga mlango wa juu wakati unyevu wa ardhini bado unapanda. Chumvi iliyobebwa na unyevu huo huganda chini ya utando, na utando hubanduka magamba magamba.

Kwa hiyo nina ugomvi na neno. Mafundi wanasema "sila", na wanaotafsiri wanasema "kizibo". Kizibo ni cha chupa! Dawa hii haizibi kitu. Nilifikiria "kizuizi", lakini hicho husimama nje kama ukuta. Kilichobadilika hapa ni hamu. Kiswahili kina kitenzi chake, kukinai: aliyekinai hukaa mbele ya sahani, mdomo wake uko wazi kuzungumza, ila chakula hakitaki. Basi iitwe kikinaisho. Ulimi unajikwaa kwenye ki mbili za mwanzo, najua, lakini kikisemwa mara tatu kinalainika.

Msomaji wangu, soma kopo: tafuta sileni au siloksani, na uache lolote linaloahidi mng'ao. Nyufa zitengenezwe kwanza. Paka kiangazi, Julai au Agosti, tofali likiwa kavu, kwani lililoshiba maji halitainywa dawa. Mkono wa pili ufuate kabla wa kwanza haujakauka. Dawa hii hukataa maji; mafuta ya kukaangia sato ni habari nyingine, yafute upesi.

Kabla ya yote, chukua tofali moja la akiba, ulipake nusu, uliache siku chache. Likiwa kavu, mwite mtu wa nyumbani akuoneshe mpaka wa dawa ulipo. Akishindwa, mwaga kikombe cha maji.