Duka la Vitabu vya Katuni Penye Njia Kuu

Wengi hudhani kwamba biashara iliyowekwa penye njia kuu, pale ambapo umati haukatiki tangu asubuhi hadi usiku, haimtaki mwenyewe maarifa yoyote zaidi ya kufungua mlango na kungoja. Lakini tajiri wa duka la vitabu vya katuni, hasa yule anayejitegemea kwa mtaji wake mwenyewe, anajua kwamba umati huo huo unaomtangaza ndio unaompandishia kodi ya pango, na kwamba wapitao mbele ya kioo chake aghalabu husimama, wakatazama sanamu za mashujaa, wakatabasamu, kisha wakaenda zao.

Ndiyo maana katika miji ambayo kila hatua ya ardhi ina bei, maduka ya namna hii yamezoea kutafuta pembe zao. Midtown Comics, lililofunguliwa mwaka 1997 karibu na Times Square mjini New York, lilijiweka ghorofani, mteja akawa hana budi kupanda ngazi kulifikia. Mjini London, Forbidden Planet lilianza mwaka 1978 katika Denmark Street, mtaa mfupi uliosifika kwa ala za muziki, na Gosh!, lililoanza mwaka 1986 karibu na British Museum, lilihamia Berwick Street huko Soho mwaka 2011, mtaa wenye soko lake la tangu zamani.

Hata hivyo, mahali si jambo kubwa kama namna bidhaa yenyewe inunuliwavyo. Muuza magazeti wa kwetu hurudisha jioni nakala zilizomdodea, na hasara ikawa ya mchapishaji. Hivyo ndivyo vilivyouzwa vitabu vya katuni huko Marekani tangu Superman alipotokea mwaka 1938 katika kitabu cha senti 10. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Phil Seuling, mwalimu wa Brooklyn aliyekuwa akiandaa mikutano ya wapenzi wa katuni, aliwaendea wachapishaji na shauri jipya: wampunguzie bei zaidi, naye achukue nakala zake asirudishe hata moja. Wakaridhia. Kutokana na muamala huo maduka yenye kuuza katuni peke yake yaliweza kuenea Marekani nzima, ila hatari yote ikamhamia mwenye duka, na mpaka leo kwa sehemu kubwa iko kwake.

Yatupasa tuufahamu vema uzito wa jambo hilo. Mwenye duka huagiza yapata miezi miwili kabla, akipekua orodha nene ya vitabu ambavyo vingine havijamaliza hata kuchorwa, na kwa kila kimoja hukadiria idadi. Akiagiza vichache, mteja atakitafuta kwingine na huenda asirejee. Akizidisha, fedha zake zitalala rafuni. Kinga yake ni daftari la wateja wa kudumu, ambao kila mmoja ameandikisha majina ya vitabu avifuatavyo mwezi hadi mwezi. Jumatano, ambayo kwa desturi ndiyo siku ya vitabu vipya, sehemu ya kila mtu huwa imekwisha tengwa kwa jina lake. Na mfanyakazi huonekana akitia kitabu katika mfuko wa plastiki angavu, nyuma yake akiweka kadi nyeupe ngumu ili pembe zisikunjike, maana kwa mkusanyaji mkunjo mdogo kama ukucha waweza kukishusha thamani.

Waliosahau kwamba duka husimama juu ya wasomaji hawa, wakawafuata walanguzi, walipata taabu kubwa. Mwezi wa Novemba 1992, kitabu kilichosimulia kifo cha Superman kilitoka ndani ya mfuko mweusi, watu wakapanga foleni, na wengi wakakihifadhi bila kukifungua wakitaraji utajiri. Nakala zilikuwa mamilioni. Basi uadimu ungetoka wapi? Walanguzi walipokata tamaa wakaondoka, na katika miaka iliyofuata maduka mengi mno yalifungwa.

Tena kuna mkono wa msambazaji. Kwa zaidi ya miaka 20, kampuni ya Diamond, iliyoasisiwa mwaka 1982, ilikuwa karibu ndiyo mlango pekee wa kupitishia shehena za wachapishaji wakubwa wa Marekani. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ilisimamisha upelekaji kwa majuma kadhaa. DC, mmoja wa wachapishaji hao, ikaiacha mwaka huo huo, mwenzake Marvel ikafuata mwaka 2021, na Januari 2025 Diamond ikaomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika. Mwenye duka aliyezoea ankara moja sasa ana kadhaa, kila moja na masharti yake na gharama zake za usafirishaji.

Pamoja na hayo yote, wapita njia si watu wa kupuuzwa, kwa kuwa wateja wa kudumu huhama, huoa, hupungukiwa, na wengine wanapaswa kushika nafasi zao. Mwaka 2002, Mei 4, siku moja baada ya filamu ya Spider-Man kuanza kuonyeshwa Marekani, maduka yalianza desturi ya kugawa vitabu bure katika Jumamosi ya kwanza ya Mei. Anayevipokea halipi kitu, lakini mwenye duka amevinunua, ingawa kwa bei ndogo. Na mwenye busara siku hiyo huwaweka mlangoni wafanyakazi wanaopenda kusoma, wamuulize kila mtoto anapenda hadithi za namna gani kabla ya kumkabidhi chake.