Musumari Ndani ya Fizibo



Mahindi imejaa depo, wamama wamepanga mustari wakingoja kusaga, na mara umeme unakatika. Fizibo imeungua. Duka iko mbali. Mutu mumoja anachukua musumari, anauweka pahali pa fizibo, na mashini inaanza tena. Wote wanafurahi. Lakini tangu saa ile depo haina tena mulinzi.

Fizibo ni kijiwaya kidogo kinachoyeyuka wakati umeme unapita kiasi. Kinakufa kusudi waya za ukutani zisiungue. Musumari hauyeyuki. Basi waya ndizo zinapata moto, mupira wake unaanza kuyeyuka, na moto unashika mbao na mifuko. Mavuno ya jamaa nyingi yanaweza kuisha usiku mumoja.

Juu ya nini inaungua kila mara?

Mota ikianza kuzunguka, inavuta umeme mara 5 mpaka 7 kupita ule wa kazi ya kawaida. Mota ya kilowati 7,5 ya fazi tatu inatumia karibu ampere 15. Saa ya kuanza inaweza kupita 75. Kisanduku cha zamani kiliwekwa kwa ajili ya taa na radio tu.

Tuweke nini pahali pake?

- Dijonkteri kwa kila laini. Ikikata, mutafute kwanza sababu, kisha murudishe kifungo. Hakuna kitu cha kununua tena.
- Diferansieli ya miliampere 30 kwa taa na prizi. Umeme mudogo unaoweza kuua mutu hauwezi kuyeyusha fizibo. Diferansieli inauona na kukata mara moja. Kisanduku kiwe pia na tere, ndio waya unaoingia udongoni.
- Laini ya mota iwe peke yake, na dijonkteri ya mota. Fazi moja ikipotea, ikate mbele mota haijaungua.
- Waya na dijonkteri vipatane: waya wa 1,5 kwa taa, ampere 10, waya wa 2,5 kwa prizi, ampere 16. Kuongeza ampere pasipo kubadilisha waya ni sawa na kurudisha musumari.

Na bei mbili?

Kama anayewauzia umeme anatoa bei ya muchana na bei ya usiku, mumuulize mbele ya kubadilisha kisanduku, sababu kompteri nayo inaweza kubadilishwa. Kisha mupige hesabu. Mota ya kilowati 7,5 ikifanya kazi kwa nguvu yote saa 4, inakula kupita kilowati-saa 30. Mara nyingi bei ya usiku ikishuka, ile ya muchana inapanda. Ikiwa wamama wanaleta nafaka asubuhi, mutapata hasara. Ikiwa kooperative inasaga unga wake ya kuuza, kazi hiyo inaweza kungoja bei ya chini. Muandike ndani ya kaye, juma moja, saa gani mashini inazunguka. Kaye ndiyo itajibu.

Nani afanye kazi?

Fundi aliyejifunza umeme, akiwa amekata umeme wote. Kompteri na risasi yake ni vya kampuni, musivifungue.

Kwa mukutano unaokuja, komite ifungue kisanduku pamoja na fundi. Wakikuta musumari, mashini isimame siku ile ile. Siku mbili bila kusaga ni hasara ndogo. Depo kuungua ni kuanza tena kwa sifuri.