Bustani ya Uani Isiyopata Jua

Wasomaji wetu wapenzi wakaao Kariakoo wazijua vema nyumba zetu za zamani: vyumba sita, ukumbi katikati, na uani nyuma. Zamani uani wetu ulipata jua tangu asubuhi. Sasa maghorofa yameinuka pande zote, na jua lafika kwetu kitambo kidogo tu, adhuhuri. Mawaridi ya mama yetu yalififia moja baada ya jingine, na mrehani ukarefuka ukawa mwembamba kama kijiti. Mama akasema, "Wanangu, uani huu umekufa." Neno lile lilitusumbua, ndipo tukaanza kutazama ni kitu gani kiotacho chenyewe pale kivulini.

Tukaiona kuvumwani, yaani ule mmea mdogo mno ulio kama mahameli ya kijani juu ya matofali karibu na pipa la maji. Wengi huudharau, huuita ukoga, nao huukwangua. Lakini mmea huu ni wa ajabu. Hauna mizizi ya kunywea maji, bali hunywa kwa majani yake. Wala hauna ua wala mbegu, bali huzaa kwa vumbi laini lipeperushwalo na upepo. Kwa hiyo hauhitaji samadi wala udongo mwingi. Wataka kivuli na unyevu, basi.

Vitabu vya Ulaya husema kwamba kuvumwani hupendelea upande wa kaskazini wa ukuta. Msifuate shauri hilo! Dar es Salaam iko kusini ya ikweta, na tangu Machi hata Oktoba jua la adhuhuri hupita kaskazini yetu. Basi ni upande wa kusini ulio na kivuli.

Katika kuchagua, chukueni ile iotayo tayari ukutani penu au kwa jirani, maana imekwisha kuzoea joto letu. Iliyotoka milima ya Usambara haitadumu huku, hata ikipendeza namna gani. (Huko ndiko litokako lile ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani, nalo likapewa jina lake mwaka 1893. Porini huota kivulini juu ya miamba, mara nyingi katikati ya kuvumwani.) Iinueni kwa kisu pamoja na udongo mwembamba, wakati wa masika, mkaishindilie kwa kiganja juu ya udongo ulioloweshwa, pasibaki nafasi ya hewa chini yake. Nyunyizeni maji ya mvua asubuhi na jioni. Maji ya visima vya mjini mara nyingi yana chumvi, na ya sabuni huiua. Mwezi wa Januari na Februari yaweza kugeuka rangi ya kahawia. Msiitupe, kwa kuwa ikinyeshewa hurudia ukijani wake upesi.

Tena msiweke visahani vya maji yaliyotuama chini ya vyungu. Homa ya dengi ilienea mjini mwaka 2014, na tena 2019, na mbu wake huzaliana katika maji kidogo kama hayo.

Yatupasa kukiri kosa letu. Kwa furaha tuliiacha kuvumwani itambae hata njia ya bafuni, na asubuhi moja ya mvua mama aliteleza akaumia kifundo cha mkono. Mke wa ndugu yetu akashika upawa, akataka kuikwangua yote, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Mama mwenyewe ndiye aliyemzuia: "Mkwe wangu, safisha njia, yale mawe ya pembeni uniachie."

Tukaisugua njia kwa brashi ngumu, tukamwaga mchanga wa chengachenga. Hata leo husuguliwa kila Jumamosi. Mama huketi karibu na mawe yale jioni, kata mkononi, naye hamruhusu mwingine kunyunyiza.